Paka wa Kiajemi: Kumchagua na Kuishi Naye

Paka wa kienyeji hajawahi kuhitaji somo. Huzaliwa ghalani au uvunguni, hufundishwa na mama yake kuwinda, hujilamba hadi akang'aa, na siku akiugua hujitafutia kona yenye kiza akakaa humo mpaka apone au afe. Mwenye nyumba humpa vichwa vya dagaa, naye hulipa kwa panya. Mapatano hayo ni ya kale na hayana maandishi.

Paka wa Kiajemi hayumo katika mapatano hayo. Ni mnyama mwenye manyoya marefu na mazito kama pamba iliyochambuliwa, uso wa mviringo, macho makubwa na miguu mifupi. Mwendo wake ni wa taratibu na sauti yake ni ndogo. Hupenda kukaa karibu na watu kuliko kuzurura. Humfuata mwenye nyumba chumba kwa chumba, hulala mapajani, na mara nyingi hukubali kubebwa na mtoto bila kutoa kucha. Wengi wanaomwona kwa mara ya kwanza humtaka siku hiyo hiyo.

Somo la toleo hili ni kwa ajili ya wakazi wanaofikiria kumfuga, na kwa wale ambao tayari wamempokea na sasa wanashangaa mbona manyoya yake yamegeuka kuwa kama mkeka. Jambo la kufahamu mapema ni kwamba upole unaomfanya apendwe ndio huo huo unaomfanya awe tegemezi. Paka asiyekwaruza akibebwa vibaya, asiyelia akiumwa, asiyejua kumkimbia mbwa, na ambaye ulimi wake haufui dafu mbele ya manyoya yake mwenyewe, amemkabidhi binadamu kazi ambazo paka wengine hujifanyia. Anayemchagua huzikubali kazi hizo kila siku, kwa miaka 12 hadi 15.

Alikotoka

Uajemi ndiyo nchi inayoitwa leo Irani. Mwanzoni mwa karne ya 17, msafiri wa Kiitalia Pietro della Valle alieleza katika barua zake habari za paka wa Khorasan wenye manyoya marefu na laini, akakusudia kuwapeleka kwao Italia. Ufaransa nayo ilipokea paka wa manyoya marefu kutoka Angora, mji unaoitwa leo Ankara, nchini Uturuki. Uingereza ndiko alikofanywa kuwa mbegu yenye vigezo: katika maonesho makubwa ya paka yaliyoandaliwa na Harrison Weir huko Crystal Palace, London, mwaka 1871, Waajemi walikuwemo. Wafugaji wa huko waliendelea kuwachanganya na paka wengine kwa miongo mingi, hata wataalamu wa vinasaba walipompima Mwajemi wa leo walimkuta yuko karibu zaidi na paka wa Ulaya Magharibi kuliko paka wa Mashariki ya Kati. Jina limebaki la Kiajemi; damu imekuwa ya Kizungu.

Katika Kiarabu cha nchi za Ghuba huitwa Shirazi, kwa kufuata mji wa Shiraz. Msomaji wa mwambao huenda akatabasamu, kwani kwake jina hilo lina ukoo mwingine kabisa. Basi ikitokea ndugu aliyeko Oman au Dubai akiahidi kumleta paka wa Shirazi, ajulikane kuwa ni huyu huyu, na kwamba kumwingiza nchini kunahitaji kibali cha mamlaka ya mifugo na cheti cha afya kutoka huko anakotoka, pamoja na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Vibali hushughulikiwa kabla ya safari, si uwanjani.

Uso kwanza, rangi baadaye

Picha za Waajemi wa karne ya 19 zinaonesha paka mwenye pua ya kawaida. Uso uliobanwa mfano wa chapati ni kazi ya wafugaji wa karne ya 20, ambao kizazi baada ya kizazi walichagua wazazi wenye pua fupi zaidi kwa sababu maonesho yaliwatunuku hao. Matokeo yake leo kuna Waajemi wa namna mbili: wenye uso bapa, na wenye pua inayoonekana, ambao wengine huwaita wa uso wa kale.

Tofauti hii si ya urembo. Paka wa uso bapa ana tundu za pua nyembamba, na hewa humfikia kwa taabu. Mfereji wa kupitisha machozi kutoka jichoni hadi puani umepinda, hivyo machozi humwagika usoni mchana kutwa na kuacha michirizi ya kahawia inayowasha na kunuka. Meno hayana nafasi ya kujipanga. Jike huzaa kwa shida kwa sababu vichwa vya watoto ni vikubwa na vya mviringo. Zaidi ya hayo, paka hana jasho la mwili kama mtu. Hujipoza kwa kulamba manyoya yake na, akizidiwa, kwa kuhema mdomo wazi. Mwenye pua iliyobanwa huhema vibaya. Kwa mkazi wa ukanda wa joto, penye nyumba za bati na umeme unaokatika saa saba mchana, jibu ni moja: paka wa uso bapa asichukuliwe, hata akitolewa bure.

Kipimo cha macho kipo. GCCF, chombo kinachosajili paka wa mbegu nchini Uingereza tangu mwaka 1910, hutaka ukingo wa juu wa ncha ya pua usiwe juu kuliko ukingo wa chini wa jicho. Mnunuzi amtazame paka kutoka mbele na kutoka ubavuni. Pua ikiwa imepanda katikati ya macho, aondoke. Kisha amsikilize paka akiwa amelala. Anayekoroma usingizini akiwa bado mtoto atakuja kutaabika ukubwani.

La pili ni figo. Waajemi wana ugonjwa wa kurithi ambamo vifuko vya maji huota ndani ya figo tangu utotoni, vikakua polepole mpaka figo zishindwe kazi, mara nyingi paka akiwa na umri wa miaka 7 hivi. Tafiti zilizofanywa Marekani, Uingereza na Australia ziliwakuta zaidi ya theluthi moja ya Waajemi waliopimwa wakiwa nao. Mzazi mmoja tu mwenye kasoro hiyo anatosha kuwarithisha watoto: kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu. Kasoro yenyewe ilitambuliwa katika kinasaba mwaka 2004, na tangu hapo kuna kipimo cha maabara. Kipimo cha mawimbi ya sauti, kile kile kinachotumika kwa wajawazito, nacho huonesha vifuko hivyo. Muuzaji anayetaka bei ya paka wa mbegu aulizwe majibu ya kipimo cha wazazi wote wawili. Asiyekuwa nayo ana haki ya kuuza paka wake, ila hana haki ya kutoza bei ya mbegu safi.

Rangi ni suala la macho ya mnunuzi, isipokuwa moja. Paka mweupe mwenye macho mawili ya bluu mara nyingi ni kiziwi tangu kuzaliwa. Hasikii pikipiki wala mbwa. Anaweza kuishi vizuri ndani ya nyumba, lakini mwenye nyumba isiyo na uzio iliyo kando ya barabara asimchukue. Kumpima ni rahisi: akiwa amegeuka, mtu apige makofi nyuma yake bila kumsukumia upepo wala kutikisa sakafu, atazame masikio.

Si kila mwenye manyoya marefu ni Mwajemi

Hapa ndipo fedha za wakazi wengi hupotea. Urefu wa manyoya hutokana na kinasaba kinachoweza kujificha: paka wawili wa manyoya mafupi, kila mmoja akikibeba bila kukionesha, wanaweza kuzaa mtoto wa manyoya marefu. Hutokea katika paka wa mitaani bila Mwajemi yeyote kupita. Kitoto kama hicho kikifikishwa sokoni ndani ya boksi, hupewa jina la Kiajemi na bei ya Kiajemi.

Ukoo wa paka huthibitishwa kwa hati ya usajili inayotaja wazazi na wazazi wao. Pasipo hati, kinachouzwa ni paka wa manyoya marefu, basi. Na wala si jambo baya. Paka chotara wa namna hiyo, mwenye pua yake kamili, manyoya ya urefu wa kati na mama aliyekulia katika mazingira ya hapa, aghalabu ndiye chaguo bora kwa familia ya kawaida. Upole wake hutegemea sana jinsi alivyolelewa kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake. Kitoto kilichoshikwa na kubembelezwa na watu wa rika mbalimbali katika majuma hayo hukua kikiwapenda watu, kiwe na hati au kisiwe nayo.

Wapo pia paka wa mbegu nyingine zinazosifiwa kwa upendo. Anayetajwa sana ni Ragdoll, aliyeanzishwa Riverside, California, na mfugaji Ann Baker katika miaka ya 1960. Macho yake ni ya bluu, huzaliwa mweupe kisha rangi ya masikio, uso na mkia hujitokeza polepole, na dume hufika kilo 7 au zaidi. Manyoya yake ni marefu lakini hayana pamba nyingi ya ndani, kwa hiyo hayafungamani upesi kama ya Mwajemi. Huwa analegea akibebwa, na ndipo ulipozuka uvumi kwamba haoni maumivu. Uvumi huo ni wa uongo na umewaumiza paka wengi mikononi mwa watoto. Naye ana kasoro yake ya kurithi, unene wa msuli wa moyo unaoweza kumwangusha ghafla, na kipimo cha kinasaba chake kipo pia.

Kitoto chochote kisichukuliwe kabla ya kutimiza wiki 12. Mnunuzi aende kilikozaliwa akamwone mama yake. Macho yawe makavu, pua isitoe kamasi, chini ya mkia pawe safi, masikio yasiwe na uchafu mweusi kama unga wa kahawa. Apulize manyoya kidogo ili aone ngozi: mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka yenye magamba ni choa, na Waajemi hukibeba kwa urahisi kuliko paka wengine, wakati mwingine bila dalili. Choa hicho huwaambukiza watu, watoto kwanza.

Kitana

Kazi kubwa ya kuishi na Mwajemi ni kumchana. Si mara moja kwa wiki, wala si akishachafuka. Ni kila siku. Dakika 10 kwa siku ni saa 60 kwa mwaka. Familia inayofikiria kumchukua paka huyu ijiulize saa hizo ni za nani, na imtaje mtu kwa jina. Jibu la kwamba watoto watamchana hudumu mpaka shule zifunguliwe.

Sababu yake ni hii. Mwajemi ana manyoya ya juu marefu na, chini yake, pamba nyembamba na nyingi. Pamba hiyo ikinyonyoka haidondoki. Hunaswa na manyoya ya juu, ikasokotana, ikafanya fundo. Fundo moja kwapani huvuta ngozi kila paka anaponyanyua mguu. Mafundo yakiungana huwa ganda gumu lisilopitisha hewa, na chini ya ganda hilo ngozi hulowa, huchubuka, na wakati wa mvua nzi hutaga hapo. Paka huyu mpole hatalia. Atapunguza kutembea tu, na watu watasema amezidi uvivu.

Kifaa kinachofaa ni kitana cha chuma chenye meno ya mviringo yasiyochoma, meno mapana upande mmoja na ya karibu upande wa pili. Brashi laini ya nywele hupita juu tu, ikamfanya paka aonekane safi huku mafundo yakikomaa ndani. Mchanaji aanze na sehemu anazozipenda paka, kidevuni na mgongoni, kisha aende kwapani, nyuma ya masikio, tumboni, kwenye mapaja ya nyuma na chini ya mkia. Sehemu hizo za mwisho ndizo zenye mafundo. Fundo likipatikana, lishikwe kwenye shina kwa vidole viwili ili ngozi isivutwe, lifumuliwe kwa vidole kuanzia nchani, ndipo kitana kifuate. Unga kidogo wa mahindi husaidia nyuzi kuteleza. Mkasi ni hatari kuliko unavyoonekana: ngozi ya paka ni nyembamba na huvutwa ikaingia ndani ya fundo, na majeraha mengi hutokea hivyo. Ganda lililokwisha kuenea huondolewa kwa mashine ya kunyolea na daktari wa mifugo, paka akiwa amepewa dawa ya kumtuliza.

Manyoya yanayobaki bila kuchanwa humezwa wakati paka anajilamba. Akitapika donge la manyoya mara moja moja si ajabu. Akijaribu kutapika bila kutoa kitu, akaacha kula na asipate choo, huenda donge limeziba utumbo, na hilo halisubiri kesho.

Kitana kina kazi ya pili ambayo wafugaji wengi hawaijui. Manyoya marefu huficha mwili. Mwajemi anaweza kupoteza robo ya uzito wake na bado akaonekana mnene kama mto wa kulalia. Kwa hiyo mkono wa kushoto, usioshika kitana, upite juu ya mbavu na uti wa mgongo kila siku. Mbavu ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi, lakini zisichome kama meno ya msumeno. Mara moja kwa mwezi apimwe: mtu ajipime kwenye mzani akiwa amembeba, kisha peke yake, atoe tofauti, aiandike. Paka mkubwa wa Kiajemi huwa na kilo 3 hadi 5.5. Kushuka kwa nusu kilo, ambako kwa mtu ni jambo dogo, kwa paka wa kilo 4 ni sawa na mtu wa kilo 64 kupungua kilo 8.

Joto, chakula na choo

Mchana paka huyu awe mahali penye sakafu ya saruji au marumaru, kivuli na hewa inayopita, na maji safi katika bakuli pana zaidi ya moja. Asifungiwe chumbani chini ya bati. Kumnyoa mwili mzima ili apate baridi hakushauriwi, kwani manyoya humkinga pia na jua; kupunguza ya tumboni na ya chini ya mkia kunatosha. Akionekana akihema mdomo wazi, mate yakimtoka, ufizi umekuwa mwekundu na miguu inayumba, hilo ni joto lililomzidi. Apelekwe kivulini, alowanishwe maji ya kawaida tumboni na nyayoni, apepewe, kisha apelekwe kwa daktari hata kama ametulia. Maji ya barafu yasitumike.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kilichomo katika nyama, samaki na zaidi katika moyo wa mnyama. Akikikosa kwa muda mrefu huwa kipofu na moyo wake hudhoofika. Ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa humshibisha bila kumlisha. Moyo wa ng'ombe, nyama ya kuku na dagaa, vikichemshwa na kupewa pamoja na maji yaliyochemshia, ni chakula cha maana, lakini peke yake havikamilishi madini anayohitaji, hasa anayekua. Mwenye uwezo achanganye na chakula cha paka cha dukani. Chakula cha mbwa hakifai badala yake. Maini yapewe kidogo, kwani yakizidi huharibu mifupa. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu anaamini ni haki ya paka, huwaharisha wakubwa wengi, na kuharisha kwa paka mwenye manyoya marefu ni kazi ya ndoo mbili za maji. Paka aliyekataa kula kwa siku mbili apelekwe kwa daktari. Ini lake huharibika upesi akikaa na njaa, na aliyekuwa mnene huharibikiwa haraka zaidi.

Kwa choo, beseni pana lenye mchanga mkavu wa chembe kubwa linafaa kuliko unga wa mbao, ambao hunasa kwenye manyoya na kusambaa hadi kitandani. Kinyesi kitolewe kila siku, kwa sababu za kiafya zitakazoelezwa chini. Dume anayekwenda kwenye beseni mara kwa mara, akijikamua bila kutoa mkojo, ameziba njia ya mkojo. Anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Sumu zilizo ndani ya nyumba

Dawa zinazowafaa watu na mifugo mingine huua paka, na manyoya marefu huzidisha hatari kwa kuwa kila kinachoyapaka hulambwa. Paracetamol ndiyo ya kwanza kutajwa: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa, maana ini lake haliwezi kuivunja. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama, wala robo. Ya pili ni dawa za kupe na viroboto za kundi la pairethroidi, kama permetrini, zinazotumika kwa ng'ombe na mbwa. Paka aliyepakwa hutetemeka, hudegedega na kufa. Inayoitwa dawa ya paka iandikwe hivyo kwenye kasha lake. Mafuta ya taa na oili chafu, ambazo wengine huzitumia kutibu ukurutu na choa, zisimguse kabisa. Dawa za usafi zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, naftalini ya kabatini, vitunguu na vitunguu saumu vya mchuzini, na maua ya lili ya kwenye mashada ya sherehe, vyote viwe mbali naye. Chavua ya lili iliyodondokea manyoya, akiilamba, huua figo.

Chanjo na afya ya familia

Kichaa cha mbwa si cha mbwa pekee. Paka huambukizwa na huambukiza, na paka anayekaribia watu bila hofu, anayelala na watoto, hapaswi kukosa chanjo hata mwaka mmoja. Chanjo huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Siku za chanjo zinapotangazwa kwenye mbao za matangazo za kata, wengi hupeleka mbwa wakawaacha paka nyumbani. Paka wapelekwe pia. Aliyeumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, au anayejulikana aliyebadilika tabia, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili zikishajitokeza kwa mtu hakuna tiba. Paka aliyeuma asiuawe na kutupwa, bali afungiwe mahali salama na afisa mifugo aarifiwe, ili aangaliwe kwa siku 10.

Wajawazito huambiwa mara nyingi wamfukuze paka. Haihitajiki. Vimelea vya toksoplazima hutoka katika kinyesi cha baadhi ya paka, na huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana beseni husafishwa kila siku, na kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine wakati wote wa ujauzito. Paka anayekaa ndani na kula chakula kilichopikwa ni hatari ndogo kuliko nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa.

Mwajemi asiyekusudiwa kuzaa ahasiwe, na jike afungwe kizazi, kati ya miezi 4 na 6. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 na anaweza kupata mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Vitoto visivyo na wa kuvichana huishia jalalani, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwajibisha mmiliki kwa mnyama wake, haimwachii jalala.

Anayemleta paka kwa afisa mifugo wa kata amweke katika tenga lenye kifuniko au boksi lenye matundu, si mikononi, kwani mpole huyu akishtushwa na mbwa hupanda juu ya mtu wa karibu. Aje asubuhi kabla ya jua kali, na kadi ya chanjo, daftari la uzito, na kasha la dawa yoyote iliyokwisha kutumiwa nyumbani. Paka awe amechanwa, ili sindano ione ngozi.